Kitufe cha Losalini

Kwa fahari kubwa, Idara ya Maonyo ya Pwani hapa Suva ilitangaza kwamba kuanzia Jumatatu maneno yote ya serikali yangeandikwa moja kwa moja ndani ya visanduku vya fomu za serikali kwenye kompyuta. Nilikuwa katibu wa kamati iliyoamua hivyo. Tulikaa siku tisa, tukanywa yaqona, kinywaji chetu cha mizizi, hadi ndimi zikafa ganzi, na hakuna aliyepinga.

Tulimlenga mtu mmoja. Losalini Naqura alikuwa ameandika maonyo ya tufani miaka ishirini na sita, na macho yake yalikuwa yanafifia. Alikuwa na programu yake ya kuandikia, yenye herufi kubwa za manjano juu ya weusi. Akiwa kwenye barua pepe au fomu yoyote, alibonyeza kitufe kimoja, maandishi yakahamia kwenye programu yake. Akimaliza, yakarudi yalikotoka. Hakumsumbua mtu. Hilo ndilo lililotutia wasiwasi.

Mkurugenzi, Bwana Apenisa Rokotui, alimwita akamweleza kwamba usawa ni usawa, na kitufe chake kimepigwa marufuku. Losalini akajibu kwamba visanduku vyetu vina herufi kama mayai ya chawa, na baada ya dakika kumi hujifunga na kumeza kila kitu.

"Basi andika haraka, mama," Mkurugenzi akamshauri.

Wiki hiyo onyo lake lilimezwa mara mbili. La tatu lilifika kisiwa cha Kadavu paa la shule likiwa limeshaondoka na upepo. Losalini hakula siku hiyo. Kamati iliandika kwamba upepo ulikuja bila kufuata utaratibu.

Waziri akataka maelezo kabla ya saa sita mchana. Mkurugenzi akaandika mwenyewe; kisanduku kikameza. Akarudia, kikameza. Saa tano na nusu alisimama mbele ya meza ya Losalini, shati limelowa jasho.

"Mama, kile kitufe chako bado kipo?"

"Kipo. Ila mmekipiga marufuku."

"Leo nimekiruhusu. Andika kwamba mfumo unafanya kazi vizuri."

Losalini akabonyeza, akaandika bila papara. Mkurugenzi alikuwa akitazama saa tu.

Maelezo yalisema: "Paa lilikwenda kabla ya onyo kwa sababu Idara ilimnyang'anya mwandishi wake macho. Maelezo haya yenyewe yameandikwa kwa kitufe kilichokatazwa."

Fomu, kwa utaratibu tulioupitisha wenyewe, ikajitilia sahihi ya Mkurugenzi na kujituma kwa Waziri.

Waziri alimsifu kwa ukweli wake adimu, akaikubali kwa masikitiko barua ya kujiuzulu ambayo Bwana Apenisa hakuwa ameiandika.