Barabara ya Kupita Uani kwa Mama

Jumatatu, 3 Aprili

Mkosi umeingia. Posta wamebandika tangazo: Serikali Kuu inataka kulifunga Korongo la Birika kwa magari yote. Wenye miguu ruksa. Wenye farasi ruksa. Mwenye gari, yaani mimi, Garn Ottley, akae nyumbani apige miayo. Ati ni kwa ajili ya kobe wa jangwani na michoro ya kale kwenye miamba. Kobe! Muda wote huu napeleka watalii kwenye lile tao la mawe, sijamkanyaga kobe hata mmoja. Mmoja labda.

Hapa Utah hakuna mwingine anayepeleka gari katika korongo hilo, na sababu ni kwamba njia inaanzia uani kwa Mama. Inapita kati ya jiko lake na mipichi yake, inafika kwenye geti, na ufunguo wa geti unaning'inia kiunoni mwangu. Nyuma ya geti ni ardhi ya umma mpaka jicho lichoke. Kwa hiyo anayetaka kuliona tao bila kutoka jasho lazima apande gari langu. Baba hakuniachia kingine cha maana.

Verl Stapley naye alikuwa posta. Verl ana farasi wanaong'aa na kofia isiyoshika vumbi. Alilisoma tangazo taratibu kama anasoma barua ya mpenzi, halafu akanigeukia. Akasema pole sana, jirani, wageni wakinizidi nitakuajiri uzoe mavi. Watu wote pale dirishani wakacheka. Nami nikacheka, ili wasione kuwa imeniuma. Imeniuma.

Jumatano, 5 Aprili

Kumbe mambo bado. Nimekutana na Kamishna Bunker wa kaunti kwenye kituo cha mafuta. Huyu akisikia neno Serikali Kuu anawashwa kama aliyeumwa na siafu. Akanivuta pembeni, akaniambia ipo sheria ya kale, ya enzi za mikokoteni. Ikithibitika kwamba wananchi wamekuwa wakipita mahali na vyombo vyao tangu zamani, bila kumwomba mtu ruhusa, basi hapo si njia tena. Ni barabara. Na barabara ni mali ya kaunti, Serikali Kuu haina ubavu wa kuifunga.

Anachotaka ni mashahidi, Jumanne ijayo, kwenye mkutano wa maoni ya wananchi. Akasisitiza: waseme geti halikuwahi kufungwa, na hakuna aliyeomba njia. Nilitaka kumkumbatia, lakini alikuwa ameshika pampu.

Jioni nikamweleza Mama huku akimenya viazi. Nikamwambia tumepona. Akauliza kwani barabara ya kaunti huwa na upana gani. Nikamwambia ni ya kupishana malori mawili, sheria ndivyo inavyotaka. Akawa anatazama nje dirishani, upande wa mipichi, mpaka kiazi kikamponyoka. Uzee huo.

Ijumaa, 7 Aprili

Nimeshinda nyumba ya wazee kutafuta mashahidi. Siku imepotea bure. Ndugu Alvah, ambaye ndiye mkongwe kuliko wote, alinipokea kwa furaha akidhani mimi ni marehemu Baba. Nikamuuliza kama aliwahi kuendesha gari Korongo la Birika. Akasema sana tu. Nikamuuliza kama kuna aliyemzuia. Akasema wewe, Merrill! Ulinizuia wewe, ukaniambia kwako si njia panda. Akaanza kunigombeza upya. Muuguzi akaja kunitoa.

Wengine wote wanakumbuka hivyohivyo. Geti lilikuwa na kufuli, na Baba alikuwa na kisirani. Sikujua kama mtu aweza kufa zamani hivi na bado akawa anamharibia mwanawe.

Basi ushahidi wa midomo hakuna. Nitatafuta ushahidi wa chuma.

Jumamosi, 8 Aprili

Kuna pikapu bovu la Baba nyuma ya banda, limeliwa na kutu mpaka halina rangi. Wazo likanijia kitandani, zuri ajabu: nilivute mpaka ndani ya korongo, nililaze pembeni, nimwagie mchanga. Atakayeliona aseme, tazama, watu walikuwa wanapita huku na magari enzi za babu zetu.

Nililifunga mnyororo nyuma ya gari langu. Likafika mpaka kwenye mkondo mkavu wa mto, hapo likazama mchangani. Gari langu nalo likazama. Nikakaa juu ya mwamba kusubiri muujiza. Aliyetokea ni Verl, na msafara wa watalii kutoka Ohio, wote juu ya farasi, wote na simu zao wakipiga picha.

Hakuuliza chochote, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alifungua farasi wawili, akavuta gari langu, akavuta na pikapu, akaniuliza nataka alilaze wapi. Nikamwonyesha. Akalilaza vizuri kabisa. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, Garn, achana na haya, unamtafutia mama yako balaa. Nikamwambia wivu utakuua. Akapandisha kofia yake, akaenda.

Mama mmoja katika wale watalii wa Ohio alinipa biskuti. Niliila kwa hasira.

Jumapili, 9 Aprili

Pasaka. Kanisani wamehubiri ufufuo, mimi nawaza kifo cha biashara. Baadaye tumekula kwa dada yangu Janeal, nyama ya nguruwe, viazi vya jibini, na ile jeli yake ya kijani yenye karoti. Wote tulimsifu. Mama hakusifu. Mama hajawahi kusifu chakula kibaya, hata cha mwanawe wa kumzaa. Aliulizwa, akasema inateleza.

Ndani ya gari wakati wa kurudi nikamwomba. Nikasema Mama, shahidi uliyebaki ni wewe. Sema tu kwamba geti lilikuwa wazi. Akasema lakini halikuwa wazi, baba yako alilifunga kila jioni kwa mkono wake, hata askofu alikuwa anabisha hodi. Nikamwambia ni neno dogo. Akasema nitaapishwa kwanza, Garn. Nikasema basi, korongo likifungwa nitahamia Las Vegas, kuna hoteli inatafuta wabeba mizigo, na yeye atabaki peke yake na upepo.

Sikuwa na mpango wa kwenda Las Vegas. Magoti yangu hayabebi hata mkoba. Lakini nilimwona ameshika pochi yake kwa mikono miwili. Tulipokaribia nyumbani akauliza, ukiipata hiyo barabara yako, utabaki? Nikasema nitabaki. Akashuka, hakuingia ndani moja kwa moja. Alipitia kwenye mipichi. Imechanua yote sasa, nyuki wamejaa.

Jumanne, 11 Aprili

Nimerudi sasa hivi mkutanoni.

Ukumbi wa michezo wa sekondari ulifurika. Kila mtu dakika tatu kwenye kipaza sauti, na kengele ikilia unakaa. Kijana mmoja wa mjini, ndala miguuni, alilia kuhusu kobe mpaka dakika zake zikaisha kabla hajamaliza kupenga kamasi. Mfuga ng'ombe mmoja akasema ardhi ikimilikiwa na kila mtu basi haina mwenyewe, akapigiwa makofi. Mwalimu wa sayansi akasema hata nyumba ya kupanga ina masharti yake, naye akapigiwa makofi, na watu walewale. Kisha akasimama mama mmoja wa Kipaiute, kabila la wenyeji wa asili wa huku, akasema nyanya yake alipita humo na kapu la njugu za msonobari, kabla kaunti haijapata jina. Nikapiga makofi kwa nguvu, huo ni ushahidi wa njia! Akanitazama mpaka nikashusha mikono.

Verl alisimama na kofia kifuani. Akasema anapita kwa Dada LaRue, yaani Mama, tangu ujana wake, na hajawahi kupita bila kubisha hodi, kwa sababu kule kuna mwenyewe. Wakamzomea upande wetu. Nami nilizomea kidogo.

Zamu yangu ikaja. Nikaonyesha picha za pikapu. Nikasema limelala pale tangu zama za mababu. Bibi wa Serikali Kuu, mwenye miwani, akaomba picha isogezwe karibu. Akauliza, kwa adabu kabisa, kwa nini gari la zama za mababu lina redio ya CD. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kamishna Bunker akatazama viatu vyake. Nikasikia kengele, nikakaa.

Hapo ndipo nikasikia fimbo ya Mama. Tok, tok, mpaka mbele. Kicheko kikafa. Hakuna mtu katika mji huu anayemcheka LaRue Ottley. Akainua mkono, akaapa. Akasema, "Geti lilikuwa wazi. Mume wangu hakumzuia mtu." Akatazama pale nilipokaa. Akaongeza, "Watu walipita wakitaka, hawakuniomba na mimi," kisha akarudi taratibu kwenye kiti chake.

Tumeshinda. Hata bibi mwenye miwani aliandika akimwamini. Verl peke yake ndiye aliyeinamisha kichwa.

Njiani niliwasha redio kwa furaha. Nilimsifu, nikamwambia ameokoa nyumba. Akaniomba nizime redio.

Alhamisi, 13 Aprili

Bunker ana haraka, anataka barabara isimame kabla mawakili wa Serikali Kuu hawajavaa tai. Leo amemleta mpimaji na vigingi vyenye utepe wa rangi ya machungwa. Nilitoka kumpokea na chokoleti ya moto. Akaanza kupigilia vigingi ndani ya ua, kimoja karibu na ngazi ya jikoni, kingine katikati ya mipichi.

Nikamwambia umekosea, barabara inaanzia kule, nyuma ya geti. Akafungua karatasi zake. Akasema hapana, mzee, mama yako ameapa wananchi walipita hapa, na hapa ni uani. Akauliza geti tunalitoa wenyewe au tutoe sisi.

Nikamkimbilia Mama. Nikasema Mama, wanachukua mipichi! Alikuwa anakunja nguo. Akasema najua, nilikuuliza upana.

Jumatatu, 24 Aprili

Greda limekuja asubuhi. Mipichi ilikuwa imeshapukutisha maua na kuanza kushika matunda, madogo, yenye manyoya. Baba aliipanda mwaka waliooana. Dereva alikuwa mtu mpole, alivua kofia, akamwuliza Mama kama angependa kuingia ndani. Mama akasema atasimama tu. Akasimama, na fimbo yake, mpaka mti wa mwisho ukalala.

Mimi niliingia ndani. Sikuweza kuangalia. Nilikula mkate mzima bila siagi.

Jumamosi, 6 Mei

Leo yamepita uani magari yasiyohesabika. Watu wa mjini wana vijigari vyao vya kukodi vyenye kelele za nyigu, familia na mbwa wao, mmoja amepita na kitanda juu ya paa. Kila mtu anakwenda kwenye tao mwenyewe, bure. Nimekaa kwenye gari langu na kibao changu cha safari za korongoni tangu asubuhi. Aliyesimama ni mmoja, akauliza choo kiko wapi.

Verl amehamishia farasi wake korongo jingine, lile lililofungwa kwa magari mwaka jana. Nasikia wageni wanapanga foleni, ati wanatafuta utulivu. Utulivu! Mtu huyu analala na bahati kitanda kimoja.

Vumbi linaingia jikoni. Mama amefuta vyombo mara mbili, halafu akaacha. Janeal amekuja na gari jioni. Mama amechukua masanduku yake na mashine ya kushonea. Nikamkumbusha kwamba mimi nimebaki kama nilivyoahidi. Akanigusa shavu, akasema ndiyo, Garn, umebaki.

Jumapili, 14 Mei

Sikukuu ya Akina Mama. Kanisani wamegawa ua kwa kila mwanamke, na nimechukua moja kwa niaba ya Mama, maana siku hizi anasali kwa Janeal. Nyumba iko kimya magari yasipopita, na mengi yanapita. Usiku nasikia greda hata likiwa halipo. Sijisikii kupika.

Lakini nimepata njia. Nilikuwa nimekaa nyuma ya kanisa, askofu anasoma matangazo, likanijia lote kwa pamoja. Mawakili wa Serikali Kuu wamepeleka barabara mahakamani, na wanatafuta mashahidi watakaoapa kwamba geti lilikuwa na kufuli, na kwamba hata askofu alibisha hodi. Nani anajua hayo kuliko Mama? Akiapa hivyo, barabara inakufa, geti linarudi, ufunguo unarudi kiunoni. Korongo litafungwa kwa magari, sawa, lakini nimeshaulizia bei ya farasi. Safari hii atakuwa anasema kweli tupu, kwa hiyo haitamsumbua hata kidogo.

Kuhusu alichosema mwezi uliopita, tutasema alichanganyikiwa. Umri wake unaruhusu. Ndugu Alvah aliniita Merrill, na hakuna aliyemshangaa.

Nimeliweka ua kwenye glasi ya maji lisinyauke. Mchana huu nampelekea, na nitamweleza hukohuko mezani kabla Janeal hajaanza maneno yake. Atakubali. Mama huwa ananikubalia.