Mvua ya Jumatano kwenye Kompyuta ya Kiganjani

Jumatatu, 24 Novemba 2025
Nimetabiri mvua ya Zuzu miaka yote na sijakosea hata mara moja. Sawa, sijawahi kutabiri. Leo ndiyo mara ya kwanza, na wa kulaumiwa ni Castory mwenye duka na simu yake ya kupangusa. Anawatangazia watu: mvua bado, msiberege. Yaani tusikwangue ardhi kavu na kufukia mbegu kuisubiri mvua, kama tulivyozaliwa tukaona. Sikumwachia uwanja. Nikatoa kompyuta yangu ya kiganjani, ile niliyoachiwa na mzungu wa visima nilipokuwa mlinzi wake. Enzi hizo aliichomeka kwenye kompyuta kubwa asubuhi, ikavuta kurasa za intaneti alizojiandikisha, akaondoka nazo porini kusoma bila mtandao. Kurasa bado zimo. Betri nabadilisha chapuchapu zisije zikafutika. Ukurasa mmoja una siku za wiki na vipicha. Jumatano: wingu na matone. Ni wa zamani, najua. Lakini Jumatano ni Jumatano.

Castory akasema hicho ni kikokotoo. Watu wakacheka. Anyesi, mjane jirani yangu, hakucheka. Aliuliza, kweli babu? Nikasema kweli.

Jumanne, 25 Novemba
Anyesi amepanda. Debe zima la uwele, mbegu yote aliyokuwa nayo. Nilidhani ataanza na kipande! Isiponyesha, sisimizi na kanga watamaliza, na hana nyingine ya kurudia. Watoto wake watakula nini? Ugali umenishinda, nimeacha nusu.

Jumatano, 26 Novemba
Mbingu imepigwa deki. Sisimizi wanabeba uwele kwa foleni, kama vibarua waliolipwa. Nimeshinda shambani kwa Anyesi nagonga sufuria kufukuza kanga. Akauliza mvua iko wapi. Nikamwambia jioni. Jioni nikamwambia wingu limekwama Kongwa.

Alhamisi, 27 Novemba
Bodaboda hadi Kizota, kwa Gideoni fundi redio. Nikamwomba aivutie mashine yangu kurasa mpya. Akasema waliokuwa wakizituma walishafunga zamani, hata ukiita hakuna wa kuitika. Kisha akashika kile kijiti chake cha kugusia kioo, akausogeza ukurasa juu. Sikujua kama unapanda juu. Kumbe kuna jina la mji. Akaniuliza, mzee, una ndugu Norwei?

Mzungu alikuwa anaangalia mvua ya kwao.

Ijumaa, 28 Novemba
Sufuria tena. Sauti imenikauka. Nilipanga kumwambia Anyesi mashine imerogwa. Nimeanza tu, akanikatiza: shikamoo babu, na wewe umeshapanda? Nikakohoa. Akasema shamba lako naliona kutoka hapa, halijaguswa hata na kuku. Nikasema mgongo.

Hakugomba. Angegomba ningejua pa kuanzia. Aliingia jikoni kwangu, akatoka na debe langu la mbegu kichwani, akasema asante babu, akaenda kurudishia mashimo. Castory alimtwisha. Huyo alitoka wapi?

Jumapili, 30 Novemba
Imenyesha tangu alfajiri. Shamba la Anyesi limekunywa mpaka basi. Langu matope matupu. Castory anazunguka akisema simu yake ilijua. Nimemjibu kwamba mvua ikitoka Norwei lazima ichelewe njiani, na wawili watatu wakatikisa vichwa kukubali. Akarudi dukani kwake.

Na Mazengo, balozi wetu wa nyumba kumi, anamwoza binti yake Jumamosi. Amekuja mwenyewe kuniuliza kama akodi turubai. Nimefungua ukurasa. Jumamosi: jua kamili, lenye miale. Nimemwambia asijisumbue.

Kipande hiki cha chini nitakichana nikupelekee wewe, Anyesi. Kanga nilikufukuzia mimi mpaka sufuria ikatoboka, na hujanipa hata maji ya kunywa. Nifungie bakuli moja tu la ile mbegu, nami nipande kabla udongo haujakauka.