Pipa la Mita Mia na Hamsini

Jumatatu, 14 Julai 2025

Hatimaye! Karatasi imebandikwa kwenye mlango wa ofisi. Monsieur Léon, directeur wetu, atacheza gofu Lubumbashi Jumapili hii dhidi ya watu wa kiwanda kingine. Timu ni watu wanne. Wa nne alikuwa mzee Alphonse, lakini amestaafu, na magoti yake yamestaafu pamoja naye. Mrithi wake atachaguliwa Jumamosi asubuhi. Kila mtu mipira kumi, uwanja wa mazoezi, shabaha ni lile pipa jeupe la mita mia na hamsini.

Wengine wanaona gofu. Mimi naona gari. Likasi hadi Lubumbashi ni saa mbili, na mshindi atakaa kiti kimoja na directeur. Saa mbili nzima! Hawezi kusema ana mkutano. Hawezi kushuka. Na kiti cha shefu wa magazini, bohari ya kiwanda, kiko wazi tangu mzee Alphonse aondoke. Miaka kumi na moja mimi ni msaidizi pale, nahesabu boliti na mifuko ya chokaa. Kabla ya péage ya kwanza, pale magari yanapolipia barabara, nitakuwa shefu.

Tatizo moja tu: Godefroid, msaidizi mwenzangu, naye amejiandikisha. Kile kiti anakitaka, ingawa hasemi. Asiyesema ndiye anayetaka zaidi.

Baada ya kazi nikaenda uwanjani. Nikamuuliza Fidèle, mlinzi na mwalimu wa pale, mtu afanye mazoezi gani kwa siku tano. Fidèle alianza kubeba mifuko ya wachezaji kabla sijazaliwa, kwa hiyo anaongea polepole. Alisema mipira thelathini kwa siku, isizidi. Nianze na fimbo fupi, nipigie pipa la karibu, la mita hamsini. Kila mpira nirudi nyuma kwanza, nichague ninapoutaka uende, ndipo nisogee. Tena nilaze fimbo moja chini, mbele ya miguu, nione miguu imeelekea wapi.

Ushauri wa watoto. Nikashukuru. Nikachukua fimbo kubwa kuliko zote nikapiga mipira mia na ishirini. Kishindo kizuri sana! Yote ilipinda kulia, lakini ilikwenda mbali.

Godefroid alikuwa upande wa pili. Anapiga mmoja, anasimama, anatazama, anafikiri, kama mwanamke anayechagua nyanya sokoni Kikula. Kwa mwendo huo, mpaka Jumamosi atakuwa hajapiga kitu. Nimelala na furaha.

Jumanne, 15 Julai

Malengelenge saba. Manne mkono wa kushoto, matatu wa kulia. Kazini nilisaini karatasi nikiwa nimeshika kalamu kama kijiko.

Mchana, nilipokuja nyumbani kula, mama mkwe wangu, Mama Madeleine, alifika. Ana bustani ya mboga za lengalenga kando ya kijito, upande wa kulia wa uwanja, nyuma ya waya. Alikuwa na beseni kichwani. Nikainuka, nikampokea kwa mikono miwili, macho chini, inavyotakiwa. Ndani ya beseni mlikuwa na mboga. Chini ya mboga, mipira themanini na mitatu.

“Mukwe,” akasema, “mipira yako iko inanisalimia tangu jana.”

Nikamweleza kwamba ni upepo. Akauliza ni upepo gani huo unaomjua mtu mmoja tu, maana ya yule mwingine mwembamba haijawahi kufika kwake. Mama mkwe habishiwi. Nikasema ndiyo, mama. Blandine, mke wangu, akaingia jikoni haraka. Nilisikia akicheka ndani ya sufuria.

Lakini maneno yale yakanipa akili! Kama mpira unapinda kulia siku zote, kwa nini nihangaike kuunyoosha? Nielekee kushoto. Utapinda wenyewe, utarudi katikati. Kwa nini Fidèle hakufikiria hilo kwa miaka yote?

Jioni nikajaribu. Miguu kushoto, macho kushoto, nikapiga kwa nguvu zote. Mpira ukaenda kushoto, ukageuka, ukashuka katikati. Wa pili vilevile. Tisa! Nikaita watu watazame.

Wa kumi ukaenda moja kwa moja. Sijawahi kupiga mpira ulionyooka namna ile. Ulinyooka mpaka kwenye bati za chumba ambamo kwaya ya parokia ilikuwa inafanya mazoezi. Soprano wakanyamaza. Alto wakatoka nje. Besi waliendelea mpaka mwisho wa ubeti. Besi hawasikiagi kitu.

Fidèle aliniambia kwa upole kwamba upande wa kushoto sasa umefungwa kwangu.

Jumatano, 16 Julai

Leo sikupiga. Mikono inakataa. Nimetumia siku kwa Godefroid.

Nilisoma mahali fulani kwamba mchezaji wa gofu akipewa mashauri matatu kwa wakati mmoja, anaharibika kabisa. Basi nikampa saba. Nilikaa kwenye benchi nyuma yake, nikamwambia abane kiwiko. Nikamwambia alegeze vidole. Kidevu juu. Goti la kushoto ndani. Avute pumzi. Asivute pumzi. Afikirie mlango unaofungwa.

Godefroid alisikiliza yote kwa adabu. Akajaribu la vidole peke yake, akaacha yale mengine. Mpira wake uliruka, ukapita pipa la mita mia na hamsini, ukaendelea. Akageuka akanishika mkono mbele ya Fidèle. Alisema tangu Jumatatu alikuwa anatafuta kosa lake, kumbe alikuwa anabana vidole, na Mungu anibariki.

Mkono wenyewe ulikuwa wa malengelenge.

Nyumbani Blandine aliuliza kwa nini sijala. Nikasema nimeshiba. Akauliza nimeshiba nini. Nililala chali nikitazama dari nikiwaza yule bwana ndani ya gari, karibu na directeur, vidole vimelegea.

Jumatano hiyohiyo, baadaye kidogo

Nimepata. Mimi sibadiliki, sawa. Mipira haibadiliki, sawa. Lakini pipa? Pipa si mlima.

Alhamisi, 17 Julai

Mambo ni mazuri!

Fidèle alikwenda matangani Kamatanda, harudi mpaka kesho jioni. Saa sita mchana, wenzangu wakila bukari, ugali wetu, nikatoka kiwandani. Ni dakika kumi kwa miguu. Uwanja mtupu. Nyasi kavu, vumbi jekundu, jua la baridi. Pipa la mbali ni tupu, zito kidogo tu. Nikaliangusha, nikaliviringisha kulia, hatua arobaini, mpaka karibu na waya wa bustani. Nikalisimamisha. Nikafuta alama kwa tawi. Nikarudi kazini kabla ya kengele, viatu vyekundu. Godefroid aliniuliza kama nilikuwa nachimba madini. Nikacheka sana, labda kupita kiasi.

Saa kumi nikarudi kupiga. Nikaelekea katikati kama mtu mwaminifu. Fimbo kubwa, nguvu zote. Mpira ukaenda katikati, ukapinda kulia, ukaanguka mita tatu kutoka pipa. Mwingine. Mwingine! Mmoja uliligonga: ngoo! Sauti hiyo nitaikumbuka. Kati ya mipira ishirini, kumi na mmoja ilikuwa mizuri. Directeur ataona mtu anayepiga mpira wa kupinda kwa makusudi. Wakubwa wa Ulaya ndivyo wanavyopiga.

Nimemwambia Blandine aanze kunipigia pasi shati jeupe. Akauliza la gofu au la ushefu. Nikamwambia ni shati lilelile.

Ijumaa, 18 Julai

Alfajiri Mama Madeleine alituma neno: mukwe apite bustanini kabla ya kazi.

Nilimkuta ameinama kwenye matuta. Alinisalimia kwa muda mrefu. Akauliza habari za nyumba, za Blandine, za mtoto wetu Exaucé anayesoma Mulungwishi. Nikajibu zote njema. Kisha, bila kuinuka, akauliza:

“Ile pipa, mukwe. Jana ulikuwa unaipeleka wapi?”

Nikaanza kusema habari za mteremko wa ardhi. Akaniacha nimalize. Alisema yeye ni mama tu, mambo ya mapipa hayajui, na mambo asiyoyajua hayasemi. Ila mgongo wake umezeeka, na lengalenga zina kiu, na kijito kiko kule chini.

Ndoo mbili, safari kumi na nane. Kijito kiko chini sana! Baada ya kazi akaniita tena kwa ajili ya vitunguu. Safari kumi na nne. Siwezi kuinua mikono kuvua shati. Blandine amenikanda mgongo kwa mafuta ya moto, ameniambia mama yake amenisifu sana, kwamba hakujua nina moyo wa namna hii.

Sikufanya mazoezi. Si kitu. Mazoezi nimeyamaliza jana.

Jumamosi, 19 Julai

Naandika nimekaa wima kwenye kiti. Kulala siwezi.

Tulikuwa watu watano. Monsieur Léon alikuja na kofia na chupa ya maji. Fidèle alitazama uwanja, akalitazama pipa, akanitazama mimi, akatazama viatu vyangu. Watatu wa kwanza hawakugusa chochote. Kisha jina langu.

Nikaelekea katikati. Nikainua fimbo kubwa, na mgongo ukaniambia: mpaka hapa tu. Nusu ya njia! Sikuweza zaidi. Nikashusha taratibu, kama mtu anayefagia. Mpira ukaondoka bila kelele, ukaenda katikati kabisa, ukaanguka mahali pipa lilipokuwa tangu mababu.

Nikangoja upinde. Haukupinda.

Wa pili, katikati. Wa tatu, katikati. Nilijiambia tulia Bertin, kupinda kutakuja. Wa nne, wa tano, wa sita, wa saba: yote katikati, yote imelala pamoja kule mbali kama mayai. Sijawahi kuona mipira mizuri namna ile, na pipa liko hatua arobaini pembeni! Monsieur Léon akauliza kwa upole kama kuna pipa lingine ambalo yeye halioni.

Hapo nikakasirika. Nikageuka, nikalielekea pipa lenyewe, nikauma meno, nikapiga kwa nguvu zote, mgongo upende usipende. Yote mitatu iliyobaki ikapinda kulia, ikavuka waya. Tulisikia sauti ya Mama Madeleine ikiitikia salamu.

Akaja Godefroid. Kila mpira alirudi hatua tatu nyuma. Alilitazama pipa mahali lilipo, si mahali lilipozoea kuwa. Akalaza fimbo chini, akageuza miguu, akapiga. Sita ilianguka karibu. Mmoja uligonga. Sauti ileile! Monsieur Léon akapiga makofi, akasema huyu anaangalia anapopiga.

Wengine walipoondoka, Fidèle alinisaidia kukusanya mipira. Tukaviringisha pipa pamoja, tukalirudisha mahali pake. Nilitaka ardhi inimeze. Mzee huyu angeweza kumwambia directeur neno moja tu. Hakulisema. Alisimama akanionyesha ile mipira saba.

“Weye unaona hii?” akasema. “Ni hii njo gofu. Ulipiga polepole, ikanyooka. Ukuye kesho kutwa, Lundi, na fimbo fupi, tutaendelea.”

Nikaitikia.

Jumapili, 20 Julai

Misa. Nilisimama muda wote, watu wakadhani ni ibada.

Jioni, jua likiwa bado juu ya nyumba, Godefroid alipita moja kwa moja kutoka Lubumbashi. Walishindwa, lakini yeye alicheza vizuri. Ameniletea kofia ya timu, kwa ajili ya ule ushauri wa vidole. Blandine akamkaribisha kikombe cha munkoyo. Nilimwacha anywe kidogo, ndipo nikauliza walizungumza nini ndani ya gari.

Akasema gofu.

Nikauliza na nini kingine. Akasema gofu ya kwenda na gofu ya kurudi. Na shefu wa magazini? Ah, hilo, akasema, Monsieur Léon aliligusa walipokuwa wanafika: ni Arielle wa ofisi ya manunuzi. Barua ilisainiwa wiki mbili zilizopita, kesho itabandikwa. Godefroid anafurahi. Anasema yeye hakuwahi kukitaka kile kiti, kina makaratasi mengi.

Wiki mbili! Kabla hata ya ile karatasi mlangoni!

Nikauliza Arielle anacheza nini. Hachezi kitu. Inasemekana amekipata kwa kufanya kazi. Mbinu ya ajabu. Sijui nani alimfundisha.

Alipoondoka, Blandine alikaa karibu yangu kwenye ngazi. Alisema Fidèle alimwambia habari ya ile mipira saba. Alisema, baba Exaucé, labda usiache. Lakini polepole, kama siku ile. Mkono wake ulikuwa begani mwangu. Nikamwambia ana haki, na kwa dakika kadhaa niliamini hivyo kabisa.

Nimeinuka kutoka ngazini bila kushika ukuta. Nimejinyoosha. Nimezungusha mikono, kulia, kushoto. Hakuna maumivu! Mafuta ya moto yamefanya kazi. Mungu ni mwema.

Hebu fikiria: kama nusu ya nguvu ilifika mbali vile na kunyooka vile, nguvu zote zitafika wapi?

Kesho saa kumi. Fimbo kubwa. Mipira mia mbili.