Ndoo ya Asali na Picha Yangu ya Paspoti

Wenzangu wa bweni, leo nimechekwa na Mpanda nzima. Nawaandikia nikiwa kwa shangazi, mtaa wa Kawajense, jicho moja limefumba kabisa na hasira bado ninazo. Msome kimyakimya.

Mnajua nataka kusomea udaktari. Mnajua pia kwamba siku hizi hata kuomba tu nafasi ni kwa kulipia. Waliotutangazia habari za kuchangia gharama ni walewale waliosomeshwa bure, mpaka nauli ya treni wakapewa! Zamu yetu sisi watoto wa wakulima ilipofika, serikali haina hela. Baba aliuza tumbaku msimu uliopita na chama cha msingi hakijamlipa hata thumni. (Subirini, wanasema. Chuo hakisubiri.)

Basi baba akarina mzinga, akanipa ndoo ya asali nije kuiuza mjini. Hakuikamua. Nyumbani kwetu Inyonga asali ya kumpelekea mtu wa heshima inakwenda na masega yake, aone mwenyewe kuwa haijachanganywa na sukari. Nimekuja nayo juu ya lori, nimeikumbatia njia nzima.

Madukani wameikataa wote. Hali mbaya, wanasema, nani ana hela ya asali? Nikaenda posta hivyohivyo na ndoo yangu, maana ada ya maombi inatumwa kwa mani oda, na barua ilikuwa lazima iondoke na treni ya leo. Ikichelewa, nakaa nyumbani mwaka mzima. Karani mmoja mwenye tai akasikia harufu, akaniita. Nikamweleza shida yangu. Akasema ataichukua yote, kwa bei ya kutosha mani oda na picha ya paspoti ya kubandika kwenye fomu.

"Ila fungua kwanza nione," akasema. "Nyie watu wa Inyonga mnachanganya."

(Mimi! Nichanganye!) Nikaipandisha juu ya kaunta, nikafungua mfuniko, nikauacha wazi makusudi ili foleni yote ishuhudie.

Foleni ikashuhudia. Nyuki nao wakasikia harufu. Wakaanza kuingia dirishani mmojammoja, halafu wakaja kundi zima. Watu wakatoka mbio. Karani akaruka kaunta na tai yake. Nikabaki mimi na ndoo, ndiyo ada yangu.

Sasa niambieni, mtoto wa mrina asali akiona nyuki anafanya nini? Anawafukiza! Mzee mmoja alikuwa ameangusha kiberiti chake mlangoni. Nikaokota gazeti kuukuu, nikalisokota, nikaliwasha, nikaanza kupuliza moshi polepole kama baba anavyofanya porini. Na walikuwa wanatulia, haki ya Mungu. Nikaanza kujisifu moyoni. Nilichosahau ni kwamba niko ndani ya ofisi ya serikali iliyojaa barua za watu.

Nje wakapiga kelele kuwa kuna msichana anachoma posta. Karani akarudi mbio na ile ndoo nyekundu ya mchanga wa kuzimia moto. Akaumwaga wote. Juu ya gazeti, juu ya kichwa changu, na ndani ya asali.

Moto ukazimika na moshi wake. Nyuki wakachachamaa upya, na uso uliokuwa karibu ni wangu.

Nililia, jamani, na si kwa maumivu. Nikaiburuta ndoo mpaka nje, mbele ya watu wote waliokuwa wanacheka, nikaitua miguuni mwa karani, aliyekuwa ameshakimbilia nje tena.

"Asali yako hii. Mchanga umeutia mwenyewe. Lipa."

Akasema hanunui uchafu. Hapo ndipo hasira ziliponipanda kweli.

"Tumbaku ya baba imechukuliwa haijalipwa. Asali hii italipwa leo."

Kicheko kikakatika. Yule mzee wa kiberiti, kumbe naye ni mkulima wa tumbaku, akamsogelea karani na kumwambia kwa sauti ya chini, "Mlipe mtoto." Wengine wakaitikia. Karani akatazama kulia, akatazama kushoto, akatoa hela. (Atachuja mchanga huo mpaka Pasaka.)

Nyuki walipotawanyika nikarudi kaunta, nikatuma mani oda, nikakimbilia studio. Mpiga picha akaniangalia, akanishauri nirudi uvimbe ukipungua. Nikamwambia treni haitangoja uvimbe. Akapiga picha moja ya hapohapo, filamu ikaisha. Mdomo wa juu umefika puani, jicho moja halionekani, mchanga kwenye nyusi. Nikaibandika hivyohivyo kwenye fomu. Barua imeondoka.

Msinicheke. Wakikataa kunifundisha, kwa picha ile angalau wanilaze wodini.