Habari za Dalmas, na Jinsi Jina la Stima Lilivyonusurika Kibera

Sogeeni, enyi watu wa Laini Saba na Makina, nanyi wa Gatwekera msibaki nyuma. Zimeni redio, epueni maharagwe yasije yakaungua, na wenye simu masikioni wazitoe, maana yanayosimuliwa hapa si ya kampeni wala ya mpira. Ni habari za Dalmas Stima, mwana wa Osewe, muuza mapazia wa Soko la Toi, mpana wa mabega na mwembamba wa sauti, na jinsi alivyotoka kwake akaenda nchi ya Kawangware kulipigania jina la baba zake.

Jina hilo halikumpa amani tangu utoto. Shuleni, kila umeme, ambao Nairobi huitwa stima, ulipopotea, darasa zima liligeuka kumtazama yeye. Na siku mkewe alipojifungua, muuguzi alisimama mlangoni akaita kwa nguvu, "Stima!" na papo hapo mlinzi, akidhani umeme umerudi, akaenda akazima jenereta. Taa zote zikafa. Dalmas akainua mkono katika giza lile, kuonyesha kwamba aliyeitwa ni yeye.

Vita vyenyewe vilianza wiki ya kumbatiza Daisy, binti yake wa kwanza. Magdaline, mkewe, mwanamke wa maneno machache na uamuzi usiorudi nyuma, alimlaza mtoto mapajani, akamtazama mumewe kama jemadari atazamaye ngome ya adui, akanena:

"Baba Daisy, nimefikiria. Huyu mtoto ataitwa Daisy Akinyi Dalmas. Stima ibaki kwako."

"Dalmas ni jina langu, Mama Daisy. Jina la ukoo ni Stima."

"Na limetoka wapi? Niambie tu maana yake. Likiwa na maana, Jumapili mchungaji alisome. Likikosa, mtoto wangu hatachekwa shule nzima juu ya kitu hata babake haelewi."

Dalmas mwenyewe hakuijua maana hiyo. Baba yake alikufa yeye akiwa bado mdogo mno kuuliza mambo kama hayo. Shamba lilichukuliwa na baba zake wadogo, nyumba ikaanguka. Alichoachiwa na Osewe ni jina tu, nalo sasa lilikuwa limezingirwa pande zote na halina mtetezi.

Katika ukoo mzima alibaki mtu mmoja wa kuulizwa, shangazi yake Marion, aliyekaa Gatina, huko Kawangware, mfumaji wa masweta ya shule. Wajaluo humwita shangazi waya. Kwa hiyo, bila ya mtu yeyote kukusudia, mama huyo mheshimiwa alijulikana na jamaa zake tangu ujana kama Waya Stima.

Basi Jumamosi asubuhi, simu ya shangazi ikiwa haipatikani, shujaa akavaa koti la mvua kama deraya, akaingiza miguu katika gambuti, akatwaa mkate na sukari, maana haendi mtu kwa shangazi mikono mitupu. Akaipita Toi wenzake wakifungua marobota ya mitumba, akaifuata Ngong Road, akakata kuingia Kawangware, ambako mvua ya usiku ilikuwa imemwandalia tope lenye tabia mbaya. Tope lilimshika gambuti ya kushoto likakataa kuiachia. Alilivuta, likamvuta, alilisihi, likanyamaza. Mwishowe boda boda mmoja alimsukuma mgongoni, na gambuti ikatoka kwa mlio uliowageuza watu waliokuwa wakinunua sukuma wiki.

Hivyo ndivyo alivyofika kwenye ploti za ghorofa za Gatina, ametapakaa matope hadi magotini, bila kujua shangazi amehamia mlango gani. Langoni alikaa mlinzi wa ploti, Walubengo, akila mahindi ya kuchoma.

"Niaje, boss. Unatafuta nani?"

"Natafuta Waya."

Walubengo aliacha kutafuna. "Waya gani?"

"Waya Stima."

"Kwani wewe ni wa stima?"

Hapo damu ya ukoo ikampanda Dalmas. Tangu shuleni alikuwa ameulizwa swali hilo kwa dhihaka, na leo hakuja kudhihakiwa. Akajinyoosha, akatamka kwa sauti ambayo hata yeye hakujua kwamba anayo:

"Mimi ndiye Stima mwenyewe, mtoto wa Osewe, na sitoki hapa mpaka nione Waya!"

Walubengo akatupa hindi, akagonga lango kwa kufuli mpaka ukuta ukaitika. "Wamekuja! Watu wa stima wamekuja! Toeni waya!"

Ghorofa nzima ikaamka kwa vita. Nyaya za umeme wa wizi zilizokuwa zimetoka dirisha hadi dirisha zikarudi ndani kama nyoka waliokanyagwa. Redio zikanyamaza, pasi zikapoa juu ya mashati. Kinyozi wa ghorofa ya chini, Shiundu, akatoka mashine ikiwa imemfia mkononi, na nyuma yake mteja aliyenyolewa upande mmoja, akiuliza kwa upole upande wa pili utamalizwa na nani. Watu wakamzunguka Dalmas. Yeye akakumbatia mkate na sukari, akasimama imara, kwa sababu hakuona njia ya kukimbilia.

Ndipo mama mmoja mwenye miwani akachungulia kutoka roshani ya juu.

"Dalmas? Ni wewe unazimia watu stima?"

"Ni mimi, Waya."

"Walubengo, wacha huyo! Ni mtoto wa kaka yangu!"

Majeshi yakarudi nyuma. Nyaya nazo zikarudi mahali pake kimyakimya, kila mtu akijifanya alikuwa akianua nguo.

Shangazi alimpa chai, akaisogeza kando mashine yake ya kufuma, akasikiliza shida yake hadi mwisho. Kisha akavua miwani.

"Hakuna mtu ameniuliza hiyo kitu tangu babako azikwe. Sikiza. Zamani stima haikuwa taa. Stima ilikuwa meli, ile ya moshi, ya ziwani. Babu yangu alikuwa amepata kazi ng'ambo, ya karani, na wakati huo kazi kama hiyo haikuwa mchezo. Akaenda gatini na bibi yake, ana mimba. Sanduku likapandishwa, babu akapanda ashike nafasi. Bibi akiwa bado chini, uchungu ukamshika. Wanawake wakamzingira na leso. Meli ikapiga honi, ikaanza kwenda."

"Na babu?"

"Yuko juu. Akasikia mtoto amelia. Akaruka."

"Kwa maji?"

"Kwa maji, na suti yake. Na hakuwa anajua kuogelea. Wavuvi ndio walimvuta. Sanduku likaenda, kazi ikaenda, hakuziona tena. Akafika kwa bibi akidondoka maji, akaangalia mtoto, akasema huyu ni Stima. Watu wakadhani amemlaani. Akasema hapana, kila nikimwita nitakumbuka nilishuka. Huyo mtoto ndiye babu yako."

Chai ya Dalmas ilikuwa imeshika utando juu. Akauondoa kwa kijiko.

"Na tumebaki wangapi, Waya?"

"Wa Nakuru alijigeuza Steven. Wa Mombasa anajiita Simon. Wasichana waliolewa wakaliacha kwa furaha. Mimi niliolewa nikakataa kuliacha. Mume wangu alinuna mpaka akazoea. Ni mimi na wewe."

"Na Daisy," akasema Dalmas.

Jioni alimsimulia yote mkewe, aliyekuwa ameinama juu ya beseni la nepi. Magdaline aliuliza jambo moja tu.

"Hakuwa anajua kuogelea?"

"Hakuwa anajua."

Akazikamua nepi, akaenda kuzianika. 

Jumapili ikafika. Mchungaji akampokea mtoto, akasema, "Daisy Akinyi," kisha akamgeukia mama amalizie.

"Stima," akasema Magdaline.

Kutoka upande wa kwaya, Morris wa kinanda akaropoka, "Imerudi!" na kicheko kikaruka kutoka benchi hadi benchi, hata wazee wa kanisa wakafunika midomo kwa vitabu vya nyimbo. Dalmas akainamisha macho, kama alivyozoea. Alipoyainua, mkewe alikuwa amekwisha kukitwaa kipaza sauti mkononi mwa mchungaji.

"Mmecheka, sawa. Stima ni meli ambayo mzee wa ukoo wa huyu mtoto aliruka ikiwa inaenda, na hajui kuogelea, ndio asiache bibi yake na mtoto gatini. Sasa, kama kuna mwanaume hapa ndani jina lake limetoka mahali pazuri kuliko hapo, asimame atuambie."

Hakusimama mtu. Morris akageuza kurasa za kitabu ambacho kanisa lote lilijua hakisomi. Mchungaji akapokea kipaza sauti, akamwaga maji, akalitamka jina lote polepole, na watu wakaitikia amina. Dalmas, mpana wa mabega, alisimama kando ya mkewe akilia bila kujificha.

Ijulikane basi kwa vizazi vyote vya Kibera, na Kawangware nao wapelekewe habari: siku hiyo, kati ya wimbo wa pili na sadaka, jina la Stima lilishinda. Kisha yakasomwa matangazo.