Sasisho Lililoingia Wakati wa Maombi

Jumamosi, 8 Machi

Baridi ya Molo leo ni ya kukata masikio. Wateja wachache kwenye chumba changu cha game. Ndung'u, mwenye meza ya pool ng'ambo ya barabara, amebandika karatasi mlangoni: mashine mpya ya game, mtandao wa kasi, cheza na watu wa Ulaya. Watu wa Ulaya! Mimi nina kitu ambacho Ulaya nzima haina. Nina Ligi ya Mau.

Niiandike hapa, mtu asije akaninyang'anya heshima. Sydney, rafiki yangu wa mitambo ya umeme wa mvuke kule Olkaria, alifungua kufuli ya mashine yangu na kuingiza programu ya mpira aliyoitunga mwenyewe. Timu zote ni za huku kwetu: Molo, Elburgon, Njoro, Olenguruone. Wachezaji ni vijana wetu, kwa sura zao. Nahodha wa Molo ni mimi, Khisa, ingawa uwanjani kocha hakuwahi kuniita hata kuokota mipira. Golini ni Ogada. Ogada mwenyewe, kipa aliyekuwa akiruka mpaka watu wa Njoro wanashika vichwa, kabla lori la viazi halijampindukia na kumwacha na mguu mmoja. Huja karibu kila jioni na magongo yake. Hachezi. Anakaa kwenye benchi, anajitazama akiruka. Simtozi.

Sydney alinionya jambo moja tu: mashine isiguse mtandao. Ikigusa, kampuni iliyoitengeneza itateremsha sasisho, kufuli itarudi na ligi itafutwa. Kompyuta aliyotungia iliungua zamani. Nakala zimebaki mbili, kwenye mashine yangu na kwenye yake, basi.

Lakini nimepata mpango. Kina mama wa kanisa wanasema chumba changu kinapoteza vijana. Kesho ni siku ya kuombea biashara. Watu huleta vyerehani, pikipiki, hata mbuzi wa maziwa, na mchungaji anaviwekea mikono. Nitapeleka mashine. Ikishaombewa, nani atafungua mdomo? Ndung'u na pool yake hawezi kuombewa hata na askofu.

Jumapili, 9 Machi

Msiba.

Ilianza vizuri. Mashine iliwekwa mbele, kati ya cherehani ya Wachuka, fundi wa nguo, na jenereta ya kinyozi. Mchungaji Wanyoike akataka waumini wote waione, kwa hivyo Shiru, anayerusha ibada mtandaoni, akaiunganisha na skrini kubwa. Akaniuliza kama nataka pia waifai ya kanisa. Ya bure! Nikafikiri: dakika mbili tu, niteremshe picha ya msalaba, niiweke nyuma ya uwanja, kina mama wafurahi. Tena ni nyumba ya Mungu, kitu gani kibaya kitaingia? Nikasema asante.

Mara skrini ikajaa maneno ya Kiingereza, marefu, na chini yake swali: unakubali? Padi ya kuchezea ilikuwa mikononi mwa Mzee Maina, mzee wa kanisa, ameibeba kwa heshima kama sahani ya sadaka. Mchungaji akageuka, akaona swali, akadhani ni mpangilio wa Shiru. Akalisoma kwa sauti yake ya kubatizia: je, mnakubali? Kanisa zima likajibu, tunakubali! Mzee Maina akabonyeza.

Nikaruka kutoka kitini. Lakini mchungaji alikuwa ameshasema tushikane mikono na kufumba macho. Kulia kwangu alikuwa Mama Eucabeth, mwenyekiti wa kina mama, mwenye mkono wa mtu aliyekamua ng'ombe maisha yake yote. Nilijaribu kuchomoka, akakaza. Akaninong'oneza nisishindane na Roho. Nikafumbua jicho moja. Mstari wa buluu wa sasisho ulikuwa unatembea kwenye skrini. Mchungaji akaombea cherehani. Akaombea jenereta. Akaombea barabara ya Olenguruone, mvua, bei ya viazi, watoto walio ng'ambo. Mimi niliomba stima ipotee, skrini izimike. Stima ya Molo, inayopotea hata kuku akikohoa! Leo haikutingisika. Amina iliposemwa, mstari ulikuwa umejaa. Mashine ikajizima, ikajiwasha, na ligi haikuwepo. Kanisa likapiga makofi.

Jumatatu, 10 Machi

Ndung'u amepita asubuhi makusudi. "Niaje boss, naskia hata mashine imeokoka?" Nikaendelea kufagia. Mtu wa pool.

Jioni akaja Ogada. Nilitaka kufunga mlango, nikaona haya. Nikawasha. Golini alisimama mzungu fulani mrefu mwenye nywele za rangi ya mahindi. Ogada akatazama sana. Kisha akauliza yeye yuko wapi. Nikamwambia ni hitilafu ndogo. Akauliza kama atarudi. Nikasema atarudi kabla ya Pasaka, bila shaka. Akasema, polepole, kwamba nyumbani siku hizi anapanda kitanda na kushuka kitanda, na ni hapa tu alikuwa bado anaruka. Akachukua magongo yake, akaenda. Nililia. Si sana. Jiko nalo lilikuwa linatoa moshi.

Kampuni hii itanijua mimi ni nani.

Jumatano, 12 Machi

Nakuru. Nimeenda kwa Celestine, binti wa mjomba wangu, wakili mwenye ofisi karibu na mahakama. Nilivaa koti langu la harusi. Nikamweleza kwamba mashine ni yangu, nimeinunua. Mtu akiniuzia shamba nikapanda viazi, anaweza kurudi akang'oa viazi vyangu na kupanda vyake? Nikaegemea kiti. Nilijua nimemaliza.

Celestine akasema nilichonunua ni sanduku, na hilo ni jembe tu. Programu iliyo ndani ni shamba la kukodi. Kwenye makubaliano ya kukodi, mwenye shamba huwa ameandika kwamba anaweza kuingia kurekebisha akitaka, na mimi, au mtu niliyempa padi, nilikubali. Nikamwambia aliyekubali ni kanisa. Akauliza kama nataka kumshtaki Mzee Maina. Nikalifikiria kidogo. Hapana.

Akaendelea kwamba hata kuvunja kufuli ya programu kunaweza kuwa kosa kwa sheria ya hakimiliki, kwa hivyo nisikimbilie kujitangaza mbele ya hakimu. Halafu akalainika. Akasema jambo lenyewe halijanyooka: kampuni ikikuondolea kitu ulichouziwa pamoja na mashine, hapo mnunuzi ana la kusema. Lakini je, Ligi ya Mau iliandikwa kwenye kartoni? Nikasema kwenye kartoni hapana, ila kwenye mioyo ya watu wa Molo ndiyo. Akaangalia saa. Aliponisindikiza mlangoni akanishika bega: "Khisa, siku ingine, kabla ukubali kitu, soma yote. Please."

Kwa ufupi, kesi ipo.

Ijumaa, 14 Machi

Sydney ametoka Olkaria na mashine yake mwenyewe, ameifunga kwa blanketi. Nilikuwa nimempigia simu nikamweleza habari za Ogada. Habari za waifai sikuzigusa. Nilisema ni umeme. Akaniangalia kama mtu anayejua umeme kwa kazi, lakini akanikabidhi. Akasema hii ikienda hakuna ingine, hawezi kuitunga upya, kwa kuwa video za Ogada akiruka ziliungua pamoja na ile kompyuta. Nikaapa. Nikaapa mara ya pili bila kuombwa.

Ogada akaja. Tukawasha. Alikuwa golini, na miguu yake yote miwili. Njoro wakapiga shuti, akaruka, akaudaka mpira. Ogada wa kwenye benchi akajifunika mdomo kwa kiganja. Tulipofunga akasema kesho atakuja na mama yake. Mama hajawahi kumwona akidaka hata siku moja, maana kila siku ya mechi alikuwa sokoni anauza mboga. Nikasema nitawawekea mto kwenye benchi.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeamka na akili imenyooka. Kesi haiwezi kwenda bila makubaliano yenyewe, yale maneno marefu ya Kiingereza. Kanisani hakuna aliyeyanakili, walikuwa wamefumba macho. Kwenye mashine yangu nimeyatafuta yamenishinda. Yatatokea wapi basi? Kwenye mashine ya Sydney, ambayo bado haijaulizwa. Nikawasha hotspoti ya simu. Dakika mbili tu, yatokee niyapige picha.

Yakatokea! Nikafuata ushauri wa wakili. Nimesoma yote, neno kwa neno, na kamusi pembeni. Wameandika wazi kabisa kwamba wanaweza kuondoa programu yoyote wasiyoiruhusu. Wazi! Wamejishtaki wenyewe. Nimempigia Celestine picha za kurasa zote na kumtumia. Hajajibu, nadhani anaandaa hati.

Nilipomaliza, ukurasa ulikataa kutoka mpaka nibonyeze. Kulikuwa na kitufe cha kukubali na kitufe cha baadaye. Baadaye ni ya watu wasiosoma. Nikakubali, na safari hii hakuna atakayesema Khisa hakuelewa.

Ogada amefika na mama yake. Mathe amevaa kitambaa chake cha Jumapili, ameketi kwenye mto, ameangalia skrini. Nimewaambia wasubiri kidogo, kuna mstari wa buluu unamalizia.