Goti la Mumeo na Kimya Changu

Tokyo, Jumatatu asubuhi

Kwa Shemeji yangu mheshimiwa, Bi. Kuramochi Fusae,
Mwenye amri katika duka la mishikaki ya kukaanga,
Osaka.

Shemeji,

Nimepoteza kimya. Kilipotea Jumamosi iliyopita, onyesho la mchana, katika jumba la sinema la Bwana Tokunaga, hatua chache tu kutoka dukani kwenu, na aliyekipoteza ni mume wako, Tetsuji. Nakuandikia wewe kwa sababu yeye barua zangu hafungui, na kwa sababu mtaa mzima unajua ni nani akikohoa pale dukani, mafuta huacha kuchemka.

Kimya ninachokisema si cha kuokota. Ni cha filamu yangu ya tatu, ambayo nimeiandika, nimeiongoza na nimeiigiza mwenyewe, maana waigizaji wote niliowaomba walikuwa na udhuru. Humo mimi ni fundi miavuli, mjane. Kila jioni nasimama mbele ya picha ya marehemu mke wangu, nasema jambo la kipuuzi, mathalani, "Mama, leo nimepika wali mtamu sana, nimesahau mchele tu," kisha nainamisha kichwa kidogo upande wa kulia, nanyamaza. Nanyamaza sana. Waamuzi wa tamasha moja la ng'ambo walikipa kimya hicho tuzo. Waliandika kwamba hawajapata kuona kisogo chenye huzuni namna ile. Tuzo nimeiweka juu ya friji.

Sasa malalamiko yangu.

1. Bwana Tokunaga alinipigia simu kunijulisha kwamba mzee mmoja wa safu ya nyuma, anayenukia mafuta ya kukaangia, hupiga goti lake kila filamu inapofika penye kimya. Pa! Kisha tena, pa! Siku hiyo watazamaji walikuwa kumi na mmoja, wawili wamelala. Hao wawili wakaamka. Nimepiga hesabu. Filamu ina vimya ishirini. Ukivipigia goti mara ishirini, hiyo si filamu ya msiba tena, ni ngoma.

2. Jana nilipanda treni ya alfajiri nikaja kudai maelezo. Ulinipokea vizuri, sikatai: "Ee, Shemeji! Mbona umekonda kama foleni ya filamu zako? Kaa ule." Nikakaa. Kisha, makusudi kabisa, mbele ya mumeo, nikauma mshikaki na kuuchovya tena katika sosi ya watu wote. Shemeji, nimezaliwa mtaa huo. Najua sosi huchovywa mara moja. Hata mtoto wa chekechea anajua. Lakini mtu aliyesimama nami jukwaani kuchekesha watu miaka ishirini na mbili, mimi nikisema upuuzi, yeye akinizaba kofi la kisogo na kufoka, "We, una akili kweli wewe?", hawezi kuuona upuuzi mkubwa kiasi kile akauacha upite. Akauacha. Alikuja, akainama, akasema, "Samahani sana, mheshimiwa mteja, tutakubadilishia." Akaondoa bakuli. Mheshimiwa mteja! Hata benki iliyoninyima mkopo haikunitendea adabu chungu kama ile. Wewe mwenyewe ulipaza sauti toka kwenye kikaango: "Tetsu! Watalii unawafokea mpaka wanalia, huyu je?" Naye akajibu, "Huyu ni msanii." Wateja wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Mara mumeo akavua aproni, akasema kabichi zimekwisha, anakwenda sokoni. Kwa hiyo maelezo sikupewa.

3. Tazama basi mantiki ya jambo hili. Mkono uleule dukani, nilikoutafuta, hautaki kazi. Sinemani, ambako haukualikwa, unafanya kazi ya ziada. Mtu ananyimwa kofi mchana kweupe, halafu anapigiwa gizani. Huo si uungwana.

4. Atasema mimi ndiye niliyemwacha. Ni kweli, na magazeti yaliandika. Tuliitwa Chungu na Mfuniko, kwa methali ya wazee wetu kwamba hata chungu chenye ufa hakikosi mfuniko wake wenye kiraka. Mimi ndiye niliyekuwa chungu. Nilichoka kupigwa kisogo mbele ya watu wanaokula, nikatangaza kwamba kuanzia siku ile kisogo changu ni mali ya sanaa, nikaja Tokyo kujifunza kuwa birika la fedha. Na nimefaulu! Huku hakuna anayenipiga. Nikisema upuuzi mahali pa kupigia picha, watu thelathini wanainama, "Ndiyo, mwongozaji," kisha wanautekeleza. Ndivyo ngamia alivyoingia katika filamu yangu ya pili, iliyohusu posta.

5. Filamu hii inaonyeshwa mara ya mwisho Jumapili ijayo, saa nane mchana. Hakuna jumba jingine lililoiomba, Osaka wala kwingineko, na hakuna mwenye fedha anayepokea simu yangu kuhusu ya nne. Hilo ni onyesho langu la mwisho, na nimekusudia liwe na kimya kamili. Kwa hiyo naomba umfunge mumeo mikono kwa ile taulo anayojifunga kichwani. Ikishindikana, umketishe juu ya mikono yake. Ikishindikana hiyo nayo, nitamwomba Bwana Tokunaga ang'oe viti vya safu ya nyuma, na gharama nitalipa mimi, ambaye sina.

Naomba jibu lisilozunguka: goti litanyamaza au halitanyamaza? Nilipate kabla ya Ijumaa, saa nne asubuhi.

Msalimie mama mkwe, paka anayelala juu ya sanduku la fedha, na yule mteja wa kona aliyeisifu filamu yangu kwa moyo wote ingawa aliyoiona ilikuwa ya mtu mwingine.

Ni mimi, shemeji yako mwenye kisogo kizima,
Nishiwaki Yasunori
Mwandishi, mwongozaji, mwigizaji, na mbeba viti

Nyongeza: Jana nilipowaaga sikwenda stesheni. Niliingia kwa Tokunaga, nikaketi safu ya mbele, nikajikunyata. Shemeji, kabichi hazikuwa zimekwisha. Fundi miavuli alisema lile neno la mchele, akainamisha kichwa, na nyuma yangu, pa! Palepale, si kabla wala baada. Watu wakacheka. Hawajapata kucheka katika filamu yangu yoyote, hata ya ngamia. Kile kimya waamuzi walikiita huzuni; mumeo peke yake ndiye aliyetambua ni nafasi ya kofi la nani, na mimi mwenyewe nilikuwa sijui kwamba nimeiacha. Basi futa malalamiko yote, bakiza la pili. Taulo ajifunge kichwani kama kawaida. Jumapili nimemwekea kiti kulia kwangu, upande aliosimama jukwaani siku zote. Goti la mtu wa miaka sitini na tatu halina vipuri, na kisogo changu kitakuwa karibu. Anakuja au haji? Ijumaa, Shemeji, saa nne. Neno moja linatosha.